Wimbo Mliopokezana Wewe na Bi Zamzam

Kwako Mama, huko ulikotangulia,

Leo nimepita Qurum na nimelazimika kuegesha gari pembeni. Usishtuke, si ugonjwa. Ni furaha. Wanajenga jumba la opera, Mama. Hapa hapa Maskati! Winchi nimeziona kwa macho yangu, na mlinzi wa pale nilimuuliza mara mbili, mara ya pili akanijibu kwa ukali kidogo kwamba ndiyo, bibi, ni jumba la kuimbia. Nimerudi nyumbani Al Khoudh moja kwa moja, samaki nimewasahau ndani ya gari kwenye joto hili, nikaketi kukuandikia.

Nani mwingine wa kumwambia? Mume wangu nimempigia simu kazini, akasema vizuri, halafu akaniuliza leo kuna nini cha kula. Wanangu wananiona mama yao kachanganyikiwa. Hawajui kwamba opera iliingia nyumbani kwetu Sib zamani sana, tena iliingia kwa makosa ya Baba.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Baba alikwenda Ruwi, akamwambia Muhindi wa duka la kanda za video kwamba anataka hafla ya waimbaji wakubwa kabisa wa dunia. Moyoni alikuwa akimkusudia yule bibi wa Kimisri wa enzi za ujana wake, lakini jina hakulitaja, maana kwake yeye hapakuwa na mwingine wa kuitwa mkubwa. Muhindi naye akampa kile kilichokuwa kikitoka zaidi dukani mwezi ule. Tukatia kanda kwenye deki, tukakaa na kahawa zetu, wakatokea wanaume watatu watu wazima waliovaa suti nyeusi, na nyuma yao wapiga ala wasiohesabika. Baba alitazama dakika tano, akasema kapunjwa, akaondoka kwenda msikitini kabla ya wakati. Wewe hukuondoka.

Nakukumbuka ulivyokaa siku ile. Ulisogea mbele kwenye ukingo wa kochi, kikombe mkononi, kahawa ikapoa. Kiitaliano hukujua hata neno moja, nami sikujua, lakini yule mnene alipopanda juu kwa sauti na kubakia huko huko juu, ulivuta pumzi pamoja naye na hukuitoa mpaka alipoteremka. Kisha ukanitazama kama mtu aliyefumaniwa.

Siku zile hukuweza kuwakwepa wale watu. Walikuwa waimbaji wa majumba ya matajiri wa Ulaya, kila mmoja na jumba lake na washabiki wake, mpaka waliposimama pamoja kwenye viwanja vya mpira, na dunia iliyokuwa haina habari na opera ikawajua kwa sura. Kanda zao ziliuzwa Ruwi karibu na ubani na betri. Kituo cha petroli pale njia ya Bawshar walipiga kanda zao kutwa. Dereva wa teksi, Mbalushi mwenye ndevu hadi kifuani, alinipeleka kazini siku moja huku akiimba nao, na maneno yote aliyabuni mwenyewe. Sisi majina yao yalitushinda, wewe ukawapa yako: Bwana Tumbo, Bwana Nyusi na Bwana Taratibu.

Jioni ya pili uliwaita majirani. Mlikuwa sita, wote mmezaliwa Unguja na mmelelewa na taarabu, kwa hiyo hafla ile mliitazama kwa macho ya taarabu. Mlichotaka kujua ni kitu kimoja tu, nani anampiga mwenziwe kijembe. Huyu aliyetabasamu wakati mwenziwe anaimba, ile si kejeli? Na yule aliyempigapiga bega, si kumdharau kule? Haikuwaingia akilini kwamba wakubwa watatu wanaweza kusimama jukwaa moja bila mmoja kutaka kuwazika wenziwe. Mkagawana. Waliokaa dirishani wakawa wa Bwana Tumbo, wa mlangoni wakawa wa Bwana Nyusi, na jirani mmoja akamchukua Bwana Taratibu kwa kumwonea huruma. Halua ililiwa kwa hasira siku ile.

Wewe tu ndiye uliyekosa upande. Ilipofika mwisho mwisho wa kanda, pale wanapoimba wimbo mmoja wote watatu, huyu mstari, yule mstari, ukaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Ukaniambia tena. Mara ya nne ukasema, kwa sauti ya mtu anayeona kitu asichokitaka, "Hawa hawagombani. Wanapokezana."

Kila mtu mle ndani alijua kisa chako na Bi Zamzam.

Nilikijua na mimi, ingawa si wewe uliyenihadithia. Ulikuwa mwimbaji Unguja. Mtaani kulikuwa na vyama viwili vya akina mama, chako na cha Bi Zamzam, na harusi zote zilikuwa uwanja wenu wa kutupiana mafumbo. Siku moja Bi Zamzam akasimama akaimba ubeti wa mti wenye kivuli kizuri usiokuwa na tunda. Ulikuwa na miaka minne ya ndoa, bado hujanipata. Ukumbi mzima uligeuka kukutazama. Ulishuka jukwaani, ukaenda zako nyumbani, na tangu siku ile hukuimba tena. Mwaka uliofuata nikazaliwa, lakini sauti haikurudi. Mkaja Oman kila mmoja na safari yake, na katika nchi nzima hii mkaishia Sib, mitaa miwili baina yenu. Karibu miaka thelathini mkipeana salamu za misibani tu.

Basi kanda ikaazimwa. Jirani akampa jirani, na baada ya wiki tatu tukasikia iko kwa Bi Zamzam. Ulikunja uso, ukanituma nikaifuate. Nilipoileta ukaitia kwenye deki, nayo haikuanzia mwanzo. Ilianzia pale pale, Bwana Tumbo anamwachia mwenziwe mstari. Bi Zamzam alikuwa amekwama mahali ulipokwama wewe.

Uliutazama wimbo hadi ukamalizika. Kisha ukasema, kwa kujifanya hujali, kwamba niirudishe kule, pengine mwenyewe hajamaliza kuangalia. Nikairudisha. Baada ya siku nne ikaletwa, imesimama pale pale. Ukairudisha, imesimama pale pale. Mama, miezi mitano nilikuwa tarishi wenu! Mimba yangu inakua, natembea mitaa miwili na kanda ndani ya mfuko wa plastiki, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kunipa ujumbe wa maneno. Kanda ikachakaa sehemu ile, ikawa inaleta mistari myeupe usoni kwa Bwana Nyusi. Nilicheka njiani peke yangu mpaka watu wa sokoni wakanitazama.

Halafu ukaonekana ule uvimbe shingoni.

Daktari alikuwa binti wa Kiomani, mpole, alikueleza kila kitu mara mbili. Tezi imekua, lazima itolewe, na mshipa wa sauti umepita karibu nayo mno. Sauti inaweza kubaki kama ilivyo, inaweza kubadilika, inaweza kuondoka. Alikupa tarehe ya miezi miwili na nusu mbele. Ulimshukuru vizuri sana. Njiani nilikuwa naendesha na machozi, tumbo limegusa usukani. Kwenye mzunguko wa kuingilia Sib ndipo uliponena.

"Nenda kwa Zamzam. Mwambie kanda nimeichoka. Aje mwenyewe."

Alikuja siku ile ile, baada ya alasiri. Nilimfungulia mimi. Alisimama kizingitini na buibui lake, mtu mrefu, kajikaza, na wewe ulikuwa umesimama ukumbini umejikaza vile vile. Nilidhani mtaanza na salamu. Hakusalimu. Alisema, "Moza, ubeti ule sikukutungia wewe. Lakini niliona umekuchoma, na sikunyamaza."

Ulimwambia viatu avivue upande wa pili, huku maji yamemwagika. Akavivua upande wa pili, akaingia.

Nikajifungua Arwa, nikalala kwako siku zangu arubaini kama ada inavyotaka. Naapa hakuna mzazi aliyefurahi kufungiwa ndani kama mimi. Nilikuwa nimelazwa chumba cha ndani, nimekandwa, napewa uji wa pilipili manga, na jikoni kwako mabibi wawili wanapigana. Mwendo, Mama! Kila siku mwendo. Wewe ulitaka wimbo uende mbio, yeye alitaka kuuvuta. Ulimwambia anaimba kama anayekokota godoro. Akakwambia unaimba kama unayekimbia mvua. Mtoto alizoea kulala katika kelele zenu, mkinyamaza anaamka.

Mlitunga wenyewe beti za kumkaribisha mjukuu wako. Mlikubaliana hakutakuwa na fumbo hata moja, na hilo likawashinda siku mbili nzima, kwa sababu hamkujua kutunga bila fumbo. Kila mstari aliouleta mmoja, mwingine aliunusa kama samaki wa jana, akatafuta nani anasemwa. Mwishowe mkaamua mtaimba kama wale watatu wa kwenye kanda, mstari kwa mstari, kila mmoja amalizie alipoachiwa. Na hapo nikakusikia kwa mara ya kwanza, Mama, nikiwa na umri wa miaka ishirini na nane, nikisikia sauti yako ikipanda kutoka jikoni! Sikuwahi kujua kwamba sauti ile imo ndani ya mtu niliyekuwa nikiishi naye. Nilimbana mtoto kifuani mpaka akalia.

Arubaini ya Arwa iliangukia wiki moja kabla ya hospitali. Alasiri ile uani kwetu palijaa wanawake, turubai juu, ngoma mbili na tari, ubani hadi macho yanawasha. Walikuja wazee wa vyama vyote viwili, waliobaki, na nikaona wanavyokaa bila kuambiwa: wako kulia, wake kushoto. Mlisimama pamoja katikati. Ulivaa kijani, yeye zambarau. Ulianza mstari wa kwanza, akapokea wa pili, ukapokea wa tatu, na vinyweleo vya mikono vilinisimama.

Nami hapo ndipo nilipofanya upumbavu wangu. Ubeti wa kwanza ulipokwisha furaha ilinizidi, nikasimama na kikuba changu cha asumini na mrehani nilichokifunga asubuhi kwa mikono yangu, nikaenda kukutuza. Nikakibandika kifuani kwako. Kwako wewe peke yako. Mtu niliyelelewa na watu wa taarabu, nisijue kwamba anayemtuza mwimbaji mmoja mbele ya mwenziwe ametangaza upande!

Vigelegele vilipigwa, kulia tu. Nikamwona Bi Zamzam uso unamshuka. Kushoto akasimama bibi mmoja wa chama chao na kitambaa chake cha hariri, akaenda kumvisha Bi Zamzam kwa madaha, na vigelegele vikapigwa kushoto. Kulia wakajibu. Mtu akarusha neno, mwingine akalirudisha kwa ncha, ngoma zikashika moto wa mashindano, na mimi nimesimama katikati nimeshika mdomo. Miaka thelathini ilikuwa imerudi uani kwetu, na nimeileta mimi.

Na zamu ilikuwa yako. Watu wote walikungoja umpige. Ulifungua kinywa, ukaimba nusu ya mstari, ukanyamaza. Kisha ukakibandua kile kikuba kifuani mwako, ukamsogelea Bi Zamzam, ukakibandika kwake. Ukamwinamia sikioni, ukamwambia jambo, maneno mawili matatu tu, na mkono wako ukabaki begani kwake.

Bi Zamzam akauchukua mstari wako. Aliuvuta. Aliuvuta taratibu kuliko jikoni, na mwisho wa kila mstari aliacha pengo, nawe ukatia neno la mwisho, moja tu, dogo. Akavuta tena, akaacha pengo, ukatia. Kelele zikafa kulia, zikafa kushoto. Hadi mnamaliza hakuna aliyekuwa amekaa upande wake, wote walikuwa wamesimama wamewazunguka, na yule bibi wa hariri analia kwa kwikwi akiwa amenishika mimi, adui yake wa dakika tano zilizopita. Nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuwa nayo tena, Mama, na nimezaa watoto wanne.

Wiki iliyofuata walikupasua. Siku ya pili tulikuwa chumbani kwako hospitali, mimi na Bi Zamzam. Daktari alisema upasuaji umekwenda vizuri, mengine tungojee uamke vizuri useme. Tukangoja. Ulifumbua macho ukaniangalia mimi, ukaangalia dari, ukamwangalia yeye kwa muda mrefu. Ukafungua midomo.

"Ubeti wangu uliuburura," ulisema. Ilikuwa sauti nene, ya mikwaruzo, sauti ya mzee wa kiume, lakini ilikuwa sauti.

"Nilikuwa nakungoja weye," Bi Zamzam akajibu, na akajifunika uso na mtandio.

Hukuimba tena, na sauti ile ya mikwaruzo ilitosha kwa yote uliyoitakia. Ilitosha kugombana bei ya papa mkavu sokoni Sib, ilitosha kunigombeza kwa simu, ilitosha kumuuliza Bi Zamzam kila Ijumaa kwa nini amechelewa. Miaka kumi nimewaendesha kwenye kiti cha nyuma, mnabishana Bwana Tumbo au Bwana Nyusi, kwa sababu mwishowe na nyie mligawana kama watu wengine. Nakuona hata sasa kwenye kioo changu cha gari. Kiti kile ni kitupu miaka miwili, na bado nakirekebisha kioo nikuone.

Kuna jambo nililotaka kukuungamia. Kile kikuba kimenikaa rohoni. Hukuwahi kunilaumu hata kwa jicho, nami sikuwahi kukuomba radhi, ila nilijipoza kwa hadithi. Kila mtu niliyekutana naye nilimsimulia kwamba mama yangu alimsamehe adui yake hadharani, akamvisha kikuba, akamnong'oneza msamaha. Nimeisimulia harusini, nimeisimulia kwa wanangu, nimeisimulia matangani kwako. Watu walilia.

Mwezi uliopita nilimpelekea Bi Zamzam mkate wa ufuta, tukakaa. Nikamwambia sasa niambie, bibi, Mama alikusameheje ile siku, maneno hasa yalikuwa yapi. Alicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Msamaha?" aliniuliza. "Msamaha tulishamaliza jikoni, mwanangu. Mamaako kaniambia, 'Zamzam, sauti inakwisha. Nshike.'"

Nilikaa pale na mkate mkononi. Uani palikuwa na binti yako, palikuwa na wenzio wa chama waliokuwa tayari kupigana kwa ajili yako, na mtu uliyemwambia kwamba unaanguka alikuwa yeye. Naye alikushika mbele yetu sote, na hakumwambia mtu kwa miaka yote hiyo, akatuacha tudhani wewe ndiye uliyempa kitu. Mama, hii nimeipenda kuliko ile yangu. Tangu siku hiyo nasimulia hii.

Pumzika kwa amani, Mola akuneemeshe huko uliko. Bi Zamzam hajambo, magoti ndiyo yanamsumbua, nampitia kila Ijumaa. Hakuwa akiimba tangu ulipotutoka. Ijumaa iliyopita, ndani ya gari, alianza beti za Arwa kwa sauti ndogo, na kila mwisho wa mstari aliacha pengo.

Mwanao,
mama Arwa